Sauti Iliyoniambia Nizime Taa

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi kabla sijaanza, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata jirani yangu wala binamu ya jirani yangu. Yalinipata mie mwenyewe, na mtu wa pili aliyekuwepo yu hai mpaka leo. Watu wa Mtambile wamekula pilau ya harusi yake. Kazi yangu ni ufundi, na fundi hana faida ya kuzua mambo. Waya ukikatika umekatika, huwezi kuupigia porojo ukaungana.

Zama hizo, kabla ya vita vya pili vya Wazungu, pikipiki za Pemba zilikuwa chache hata ukiisikia moja ikiunguruma mlimani unajua ni ya nani. Moja ilikuwa ya Bwana Khalfan, Mwarabu mwenye shamba la mikarafuu huko Mtambile. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, mpenda vitu vya kung'ara. Ile pikipiki hakumwachia mtu aifute. Aliifuta mwenyewe kwa kanzu kuukuu, na akiona tone la tope anaudhika siku nzima. Mie nilikuwa na banda langu Chake Chake, na chombo chake kikiumwa alikileta kwangu.

Siku moja, msimu wa karafuu, akaja nacho kizima, hakina ugonjwa. Juu ya tangi la pikipiki ile kulikuwa na kibao cha bati chenye saa ya mwendo na swichi moja tu, ya taa kubwa ya mbele. Bwana Khalfan alikuwa ametoka Unguja na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayefungua halua mbele ya wageni. Mlikuwa na honi ya umeme, taa nyekundu ya nyuma, kitaa kidogo cha kuangazia saa ya mwendo, na swichi tatu za shaba za kuviwashia.

"Nataka zote zikae hapa mbele yangu, fundi," akasema. "Nikikaa juu ya chombo hiki nijione nahodha."

Nikamwambia inawezekana. Tulibishana jambo moja tu. Alitaka swichi ya honi ikae pale pale ilipokuwa swichi ya taa, karibu na mkono wa kushoto, na ile ya taa ihamie mwisho wa kibao, upande wa kulia.

"Bwana, mkono umeshazoea," nikamwambia. "Utataka kuzima taa, uje upige honi."

"Mkono utajifunza. Giza haliniingii njiani, fundi. Mbuzi ndio wanaoniingia."

Chombo ni chake, nikakubali. Lakini hata swichi zenyewe sikuzipenda kwa honi. Hazikuwa za kubonyeza na kuachia. Zilikuwa za kupindua: ukiishusha, honi inalia mfululizo mpaka uipandishe tena. Nikamweleza na hilo. Akasema vizuri, mbuzi wengine ni wabishi.

Basi akaniachia, akarudi kwao na gari lililokuwa likichukua karafuu, nami nikamwahidi nitampelekea kazi ikiisha. Nilichonga kibao kipya cha mbao ya msaji, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sahani, nikatoboa matundu, nikapitisha waya chini ya tangi mmoja mmoja. Kazi ya waya ina ukaidi wake. Siku ya kumaliza, kila nikiwasha taa nyekundu honi inalia, na nikiwasha honi taa inazima. Nilipogundua waya mbili zimegusana chini ya kiti, jua lilikuwa linazama.

Nikaswali Magharibi msikiti wa jirani, nikarudi kuvaa koti. Mke wangu akanitazama.

"Kwani kesho hakuna?" akauliza.

"Kesho ipo. Lakini taa utaijaribu mchana uone nini?"

Akanifunga kitambaa shingoni kwa sababu ya umande, nikaondoka.

Nakwambia, nusu ya kwanza ya safari ile ilikuwa raha tupu. Njia ya kwenda Mtambile ni milima na mabonde, unapanda, unashuka, na pande zote mbili harufu ya karafuu zilizoanikwa. Nikawasha kitaa cha saa ya mwendo, nikakizima. Nikaiwasha taa nyekundu, nikageuka kuitazama jinsi inavyopaka njia rangi nyuma yangu. Watu waliokuwa wakirudi majumbani walisimama kunitazama nami nikawapigia honi. Nilijisikia mtu.

Kabla ya kufika Mtambile kulikuwa na mteremko mkali unaoingia bonde la mpunga, na chini kulikuwa na daraja la magogo. Wenyeji hawakupenda kupita pale giza likishaingia. Nilijua hilo, lakini nilikuwa nimeshapita mara nyingi na sikuona kitu. Nikashuka. Gurudumu la mbele lilipogusa magogo, injini ikazima.

Haikukohoa wala haikusitasita. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mkono. Taa ilibaki kuwaka, kwa sababu taa ilikula betri, haikuihitaji injini. Nikateremka kutazama, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hata vyura wamenyamaza. Bonde la mpunga lisilo na vyura umeliona wapi?

Nilipoinua uso, kulikuwa na mtu mbele yangu kwenye daraja.

Alikuwa kijana, amejitwika pakacha kubwa lililojaa pomoni. Kikoi chake kilikuwa kipande tu, miguu haina viatu, nywele zimeshikamana kama katani, ngozi imepauka rangi ya majivu. Nikasema, "Assalaam alaykum." Kimya. Nikarudia. Wewe mwenyewe unajua, kwetu hata adui yako ukimtolea salamu ya Mungu ataijibu, japo kwa kugeuza uso. Huyu hakujibu. Alisimama akiitazama taa kwa macho makavu, hayapepesi, na taa ile mie fundi wake siwezi kuitazama.

Kisha nikatazama chini, na nikatamani nisingetazama. Kwenye magogo nyuma yake kulikuwa na kivuli cha pakacha. Cha pakacha peke yake, kama limening'inia hewani. Kivuli cha mtu aliyelibeba hakikuwepo.

"Zima taa, fundi."

Sauti ilitoka kushoto kwangu, ndani ya mpunga. Haikuwa sauti ya kutisha, niamini. Ingekuwa ya kutisha ningekimbia, na hadithi ingeishia hapo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole, kama ya bibi anayekuomba umsogezee kata ya maji. Sikuweza hata kujua ni ya mwanamke au mwanamume.

"Zima taa, mwanangu. Yaniumiza macho. Mwache mwenzio apite na mzigo wake."

Utaniuliza, alijuaje kuwa mie ni fundi? Hilo nilijiuliza siku ya pili. Wakati ule sikujiuliza kitu. Wakati ule niliona haya. Ndiyo, haya, kama mtoto aliyekutwa anamkera mkubwa. Sisi tumelelewa hivyo: mtu mzima akikuambia fanya, unafanya kwanza, unauliza baadaye. Na juu ya ile haya ukanijia usingizi mtamu, wa mtu aliyekula akashiba. Nikaona kuzima taa ni jambo dogo na la adabu. Nikasogea kwenye pikipiki, nikanyoosha mkono wa kushoto mpaka pale ambapo swichi ya taa ya pikipiki ile ilikuwa siku zote, nikaishusha.

Honi ikalia.

Bonde zima likajaa. Sijui kama umewahi kusikia honi ya umeme ya zamani zile mahali pa kimya. Haina tofauti na ng'ombe anayechinjwa. Yule kijana akashtuka mwili mzima kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Pakacha likamponyoka, likapasuka juu ya magogo. Hamkuwa na karafuu. Mlikuwa na majani makavu ya mgomba na udongo mbichi. Akapepesa macho, akaweka mkono kuikinga taa, na nyuma yake, taratibu, kivuli chake kikalala juu ya daraja.

"Nani mwenye kuniita?" akauliza. Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Zima hiyo," ikasema ile sauti. Safari hii haikusema mwanangu. "Huyo ni wangu."

Sikuizima. Nisikudanganye kwamba ni ushujaa. Mkono wenyewe haukukubali kutoka pale. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, na aya niliyoijua tangu chuo cha Kurani ikanijia vipande vipande, mwisho mbele, mwanzo nyuma. Mpunga ulikuwa ukitikisika, na upepo haukuwepo. Mtikisiko ulikuja mpaka ukingoni mwa njia, pale mwanga unapoishia, ukasimama.

Sasa sikiliza hofu ya fundi. Nilisikia honi inashuka, kutoka ukali kuja unene, na taa inageuka manjano. Betri. Honi na taa pamoja zilikuwa zinainywa, na injini haikuwa inaijaza. Nilijua hasa kinachokuja: honi itafifia, taa itafifia, halafu tutabaki sisi na yule aliyesimama ukingoni. Nikarukia kigingi cha kuwashia, nikakipiga teke. Haikushika. Nikapiga tena. Hakuna.

"Njoo nyuma," nikamwambia yule kijana. "Sukuma."

Alitazama mikono yake kama haijui ni ya nani. Halafu akaja. Akaweka mikono kwenye kiti, akainama, akasukuma, nami nikakimbia pembeni nimeshika usukani. Tukatoka darajani tukaingia kwenye kipande cha njia tambarare, honi ikiguna kwa tabu, nyuma yetu majani ya mpunga yakivunjika kwa kasi. Nikairukia, nikaingiza gia, na injini ikashika.

"Panda."

Akapanda. Mikono aliyonizungusha kiunoni ilikuwa baridi ya maji ya kisima, hata ndani ya koti niliisikia. Tukauanza mlima. Pikipiki ile ilikuwa na nguvu za kubeba wanaume wawili na gunia, lakini mlima ule iliupanda kama tumepakia nyumba. Taa nyekundu ya nyuma ilikuwa inawaka. Sikugeuka kuona ilikuwa inamwangazia nani. Tulipofika juu na kuona taa za nyumba za kwanza, chombo kikawa chepesi ghafla, kikaruka mbele nusura kinitupe. Hapo ndipo nilipopandisha swichi ya honi.

Nilimuuliza jina.

"Hamad," akasema. "Hamad wa Bi Time. Nipeleke kwa mama, nimechelewa."

Sikumjua. Kwa kuwa chombo kilikuwa cha Bwana Khalfan, nilikwenda moja kwa moja kwake. Alikuwa ameshasikia ile honi tangu ng'ambo ya mlima, akawa amesimama barazani na kandili mkononi, tayari kunigombeza kwa kuichezea. Akainua kandili. Akamwona niliyempakia. Akakaa kwenye ngazi, pole pole.

"Fundi," akasema, "umemtoa wapi huyu?"

"Bondeni, darajani."

"Huyu tulimzika mwaka jana. Alipatwa na homa ghafla, akafa. Mie nimelibeba jeneza lake kwa bega langu hili."

Hamad hakutungoja. Alishateremka, miguu yake inajua njia. Tukamfuata kati ya mikarafuu mpaka kwenye kibanda cha udongo, ambapo mama mmoja alikuwa ameketi mlangoni kwa mwanga wa koroboi, anasuka ukili wa mkeka. Huyo ndiye Bi Time, mjane, na huyo Hamad ndiye mtoto wake wa pekee. Bwana Khalfan alitaka kumtangulia amwandae kwa maneno, lakini maneno gani ungeyatumia?

Bi Time aliinua macho. Aliuweka ukili chini. Akamshika mwanawe uso, akamshika shingo, akashika mkono wa kulia na kuupindua kutazama kovu la panga alilolipata utotoni. Hakupiga ukelele.

"Umekula?" akamuuliza.

"Sijala, mama."

"Basi kaa."

Akaingia ndani kuinjika chungu cha muhogo, na ni kule ndani, alipodhani hatumsikii, ndipo alipolia.

Siku zile za mwanzo Hamad alikuwa mgonjwa. Chumvi ilimchoma ulimi, na jua likimpata alitetemeka. Shehe wa msikiti alikuja kumsomea asubuhi na jioni, na wanawake wa pale wakawa wanamletea uji kwa zamu, kila mmoja akijifanya amepita tu. Polepole rangi ikamrudi. Aliponisimulia yaliyompata hakuwa na mengi. Kwake yeye ilikuwa ni alasiri moja tu. Alipewa mzigo, akaambiwa aufikishe kwenye nyumba ile pale, na nyumba ikawa haifikiki. Adhana alikuwa akiisikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji, lakini hakuweza kuifuata. Jina lake alilisikia, mama akimwita katika dua, na hakuweza kuitika.

"Sasa honi je?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Sauti zote nilikuwa nimekatazwa," akasema. "Ile hakuna aliyenikataza. Nadhani hakuijua."

Lilibaki suala la kaburi. Kulikuwa na kaburi lenye jina la Hamad, na wanaume wakataka kulifukua waone walizika nini. Wengine walisema mtaukuta mgomba, kwa kuwa ndivyo wachawi wanavyofanya: wanachukua mtu, wanawaachia mgomba mnaouona ni maiti. Wengine walitaka litafutwe jina la mwenye sauti ile, na wakanijia mie nilitaje. Niliwajibu ninavyokujibu wewe: sikuona uso. Nilisikia sauti ya mtu mzima mpole, na wazee wapole Pemba ni wengi, alhamdulillahi. Siwezi kumtia mtu kitanzi kwa sababu ya sauti. Mpaka leo nashukuru niliukaza mdomo.

Na Bi Time naye akakataa kaburi kufukuliwa. "Aliyemo mwacheni," akasema. "Hata kama ni mgomba, ni mgomba uliosomewa Kurani, na mie nimeulilia. Sina ugomvi nao."

Kaburi likaachwa kama lilivyo.

Vijana waliokuwa wakipita bondeni wakaanza kubeba madebe na kuyapiga njia nzima mpaka ng'ambo, na zikawa kelele moja hata watu wa Ngwachani wakalalamika. Hakuna mwingine aliyetoka mle. Lakini pia hakuna mwingine aliyepotea, na kabla ya hapo, waliniambia kwa siri, kila mwaka mtu alikuwa akifa ghafla.

Hamad akapona, akapanda mikarafuu kama wenziwe, akaoa binti wa Kengeja mwenye maneno mengi. Alisema anapenda nyumba yenye kelele. Wakajaaliwa watoto. Bi Time aliwabeba wajukuu mgongoni mpaka alipokuwa hawezi tena kusimama, akafa kitandani kwake, mkono wake umo ndani ya mkono wa mwanawe. Nilikuwepo mazikoni. Alizikwa kando ya kaburi lile, maana hapo ndipo alipokuwa amezoea kwenda.

Mie nimebaki na kilema kidogo. Mtu akiniambia "zima taa", hata mwanangu mwenyewe, hata usingizini, mkono wangu wa kushoto unakufa ganzi mpaka begani. Mke wangu alishajua. Hasemi hivyo kamwe. Akitaka kulala anasema, "Tupumzike macho," nami nanyanyuka nazima bila shida.

Sasa nikuase, na unisikilize vizuri. Ukikutana na mtu njiani amebeba mzigo wake wala hajibu salamu yako, usimpite ukasema ni kiburi chake. Pengine kakatazwa kukusikia. Mwite tena, na jina likishindwa piga makofi, piga debe, piga chochote ambacho hakijawahi kupigwa mahali pale. Na sauti tamu ikikuomba uzime taa yako, ikikuita mwanangu wala hujamwona mwenyewe, omba radhi kwa adabu zote ulizofundishwa, na uiache taa iwake.

Ukiwa na shaka, nenda Mtambile. Hamad sasa ni mzee. Idi ikikaribia utamkuta makaburini na jembe lake, anapalilia kaburi la mama yake, na akimaliza hilo anasogea kando, anapalilia la kwake.